Kericho na Bomet: Kijani chote hiki, mbona sukuma inagoma?

Picha za Kericho unazijua. Vilima vya majani chai vimekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi sasa hivi, ukungu wa asubuhi umelala juu, barabara nyembamba inapita katikati. Watu husimamisha magari kando ya barabara kuu ili wapige selfi. Ukiziangalia picha hizo ukiwa Umoja au Kayole, mahali sukuma ya shilingi 20 inaisha kabla sufuria haijapata moto, unajiambia: huku mtu akitema mbegu tu, inaota.

Zii. Haiendi hivyo.

Mimi ni mtoto wa mtaa. Niliacha chuo Nairobi, nikaingilia mambo ya kublogu, na huu ni mwaka wa pili nikilima mboga kwenye kipande cha kukodi upande wa Litein. Ni pointi moja tu. Kwa wasiojua lugha ya mashamba, pointi ni sehemu ya kumi ya ekari, yaani kama mita 400 za mraba. Sijaja kukuuzia ile stori ya "kilimo kinalipa, acha kazi ya ofisi." Nataka tu kukwambia mambo ambayo hako kapande kamenifunza na ambayo sijawahi kuyaona kwenye video yoyote ya TikTok. Vijana wengi wanarudi nyumbani siku hizi, na shamba ndilo wazo la kwanza linalowajia. Ni vizuri ujue kinachokungoja kabla ya kutoa hela mfukoni.

Hicho kijani ni cha chai, si chako

Jambo la kwanza liko chini ya miguu. Udongo wa huku ni mwekundu, mzito na unaenda chini sana. Ukiushika unaona mali. Lakini una asidi, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya chai kuupenda. Chai hustawi kwenye udongo wa pH kati ya 4.5 na 5.6 hivi. Sukuma, kabichi, vitunguu na karoti wanataka 6 kwenda juu. Kwenye karatasi tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini kipimo cha pH kinapanda kwa mara kumi: udongo wa 5 una asidi mara kumi zaidi ya udongo wa 6.

Asidi ikizidi, mambo mawili hutokea. Fosforasi, ambayo mmea unaihitaji ili kuweka mizizi, inakwama kwenye udongo hata kama umeimwaga kwa gunia. Nayo alumini iliyojificha ndani ya udongo huyeyuka na kudhuru mizizi michanga. Chai haijali. Huichukua hiyo alumini na kuihifadhi kwenye majani yake kama mtu anayeweka chenji kwa kibuyu. Sukuma haina huo ujanja. Inadumaa, majani yanageuka zambarau pembeni, na wewe unalaumu mbegu.

Halafu kuna ile mbolea ya chai. Wakulima wadogo wanaouza kupitia viwanda vya KTDA huletewa NPK 26:5:5, na kila boma lina nusu gunia iliyobaki pale stoo. Ni rahisi sana kuichota na kuirushia mboga. Baada ya muda majani yanakuwa kijani kabisa na kila mtu anafurahi. Shida ni kwamba naitrojeni ya aina hiyo, ikirudiwa msimu baada ya msimu, huzidi kuongeza asidi. Unalipa deni kwa kukopa deni lingine.

Dawa yake si siri: chokaa ya kilimo, jivu la kuni kwa kiasi, na samadi iliyooza vizuri. Lakini chokaa haina haraka. Inataka kuchanganywa na udongo mapema, miezi kadhaa kabla ya kupanda, na haipendi kuwekwa siku moja na samadi mbichi au mbolea ya chumvichumvi, kwa sababu naitrojeni itapaa hewani kama harufu. Kwanza pima udongo. Taasisi ya utafiti wa chai ya KALRO iko hapa hapa Kericho, na maafisa wa kilimo wa kaunti wanaweza kukuelekeza mahali pa kupeleka sampuli. Bila kipimo utakuwa unabahatisha na pesa zako mwenyewe.

Ukipuuza asidi, kuna ugonjwa unaokungoja. Wakulima huuita klabruti. Kabichi inanyauka mchana jua likiwaka, jioni inaamka, unadhani ni kiu. Siku moja unaing'oa na kukuta mizizi imevimba na kujikunja kama tangawizi. Ugonjwa huo hupenda udongo wenye asidi na maji mengi, na mbegu zake zinaweza kulala ardhini zaidi ya miaka 10 zikingoja kabichi nyingine. Kwa hivyo ukikodi shamba, usiulize tu bei. Uliza lilipandwa nini, na kilikufaje.

Mvua ya mawe ina makao hapa

Nairobi mvua ya mawe ni habari. Watoto wanaokota barafu, watu wanapiga video. Kericho ni sehemu ya maisha. Mji huu uko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na umeandikwa kati ya maeneo yanayopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani: wastani wa siku kama 50 kwa mwaka, na kuna mwaka mmoja ambao zilihesabiwa siku 132. Hewa yenye unyevu inatoka Ziwa Victoria, inapanda milima hii, inakutana na baridi ya juu, na baada ya saa sita mchana mbingu inaanza kunguruma.

Sasa sikia hii. Mwaka 1982 mwanasayansi Russell Schnell na mwenzake walichapisha utafiti kuhusu takataka za majani chai kutoka Kenya. Waligundua kwamba chembechembe za majani yanayooza chini ya michai zina uwezo mkubwa wa kufanya maji yagande kuwa barafu. Wazo lao lilikuwa kwamba wachumaji wakitembea katikati ya mistari, vumbi hilo hupanda hewani, huingia mawinguni, na huenda ndilo linalosaidia kutengeneza mawe. Yaani chai yenyewe inaweza kuwa inajiitia mvua ya mawe. Kuna wakati makampuni ya chai hata yalijaribu kuyapiga mawingu kwa roketi na kuyamwagia kemikali kwa ndege.

Wewe huna ndege. Una pointi moja. Kwa hivyo swali ni: mboga gani inasimama tena baada ya kipigo? Kabichi iliyofunga ikipasuliwa na mawe, maji yanaingia na inaoza kutoka ndani. Spinachi na letasi zinakuwa kachumbari. Sukuma majani yake yanachanika na hayauziki kwa wiki kadhaa, lakini moyo wake wa juu ukipona itatoa mengine. Managu ukiikata hutoa vichipukizi pembeni, hata zaidi ya mwanzo. Wenyeji wengi hawaweki mayai yote kwenye kapu moja. Wanapanda kidogo leo, kidogo baada ya wiki tatu, ili mawe yakija yasikute kila kitu kwenye umri mmoja. Kwa kitalu cha miche, neti iliyotundikwa kwa fito inatosha kukuokoa.

Nyanya inataka paa

Kila anayeanza anaota nyanya, kwa sababu bei yake sokoni ni tamu. Lakini nyanya nje, chini ya ukungu na mvua ya karibu mwaka mzima, ni kumwalika blaiti nyumbani. Ni ugonjwa ule ule unaopiga viazi, kwa sababu mimea hii miwili ni ndugu. Unaanza na madoa ya maji kwenye majani, kisha rangi ya kahawia, na kwa siku chache tu shamba linaonekana kama limemwagiwa maji moto.

Usidhani ni jambo dogo la bustani. Ugonjwa huu ndio ulioingia kwenye viazi vya Ireland mwaka 1845, na njaa iliyofuata iliua karibu watu milioni moja. Hata Bomet yenyewe ina historia yake ya magonjwa ya mimea: mwaka 2011 ndipo ugonjwa hatari wa mahindi, ule wa virusi viwili vinavyoshirikiana kuukausha mmea, uliporipotiwa kwa mara ya kwanza nchini Kenya, na ulianzia Bomet. Wakulima wengi walibaki na magunzi matupu.

Kama lazima ni nyanya, jenga kivungulio au hata paa la nailoni, yapunguze majani ya chini hewa ipite, na usiipande pale ulipong'oa viazi jana. Ukishuka pande za chini za Bomet, kuelekea Chepalungu na Mulot, jua ni kali zaidi na mvua ni chache. Huko nyanya inakuwa na maoni tofauti kabisa. Ndiyo maana ushauri wa mtu aliye kilomita 40 kutoka kwako unaweza kukupoteza hata kama yeye amefaulu kweli.

Gugu la kogo limeshinda

Hapa ndipo niliposhangaa zaidi. Wakati kabichi inasumbua na nyanya inadai paa, kuna mmea unaojiotea wenyewe pembeni, pale samadi ilipomwagwa, bila kuombwa. Managu. Wazee wa Kipsigis wanaiita isoik. Mwenzake ni saga, isagek, ambayo hupenda jua zaidi na hunawiri vizuri pande zenye joto. Kijana wa mjini akija na jembe, hivyo ndivyo vitu vya kwanza anavyofyeka akisema ni magugu. Kogo akiona hivyo anashika kichwa.

Jinsi wanavyopika nayo ni shule nyingine. Hakuna haraka, hakuna nyanya wala royko. Majani yanachemshwa uchungu upungue, yanatiwa maziwa au siagi ya maziwa, yanaachwa yalale, kesho yanapashwa. Kula na kimyet, yaani ugali, na mursik kando, kisha urudi uniambie habari za spinachi. Tahadhari moja tu: kinacholiwa ni majani, yale matunda mabichi ya managu yaache.

Kwa muda mrefu mboga hizi ziliitwa chakula cha maskini. Shule na ofisi za kilimo zilisifu kabichi na spinachi, mboga za wageni. Mtu aliyesaidia sana kugeuza mambo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta, JKUAT. Utotoni mwili wake ulikuwa ukikataa vyakula vya wanyama, kwa hivyo alilelewa kwa mboga hizi hizi. Baadaye alizifanya kuwa kazi yake ya utafiti: mbegu, lishe, upanzi. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi yenye jina la Kwame Nkrumah. Leo managu iko kwenye rafu za supamaketi za Nairobi, imefungwa vizuri, ghali kuliko sukuma. Gugu limevaa suti.

Wanaokula kabla yako

Hili nitalipitia haraka. Fuko yupo. Humwoni, unaona vilima vya udongo asubuhi, na mstari wa karoti umezama chini mmoja baada ya mwingine kama kwenye katuni. Kuna watu ambao kazi yao ni kumtega, na hulipwa kwa kila fuko wanayemtoa, kwa hivyo muulize jirani kabla hujapoteza msimu. Koa naye anapenda unyevu wa huku kuliko wewe. Ukitoka usiku na tochi utaelewa nani anakula letasi yako. Kuku wa jirani sitawazungumzia, kwa sababu bado tunaishi pamoja.

Mboga zote zinaiva siku moja

Tuje kwa pesa. Kitanda cha mita 10 kwa 10, miche ikiachana sentimita 60, kinabeba sukuma kama 270. Zikianza kutoa, familia ya watu watano haiwezi kuzimaliza. Unabeba gunia kwenda sokoni Litein au Kapkatet. Mshangao: kila mtu amebeba gunia. Mvua ndefu ikinyesha kuanzia Machi, inanyesha kwa wote, na mama mboga anakuangalia kwa huruma akitaja bei ambayo hata nauli hairudishi.

Pesa iko kwenye miezi ambayo wengine hawana. Kuanzia Desemba hadi Februari mvua hupungua, na hapo mwenye kuchota maji mtoni au kwenye tangi anauza wakati wengine wananunua. Kwa hivyo kalenda yako isiende na mvua. Iende dhidi yake.

Ukitaka kujua soko linaweza kufanya nini, angalia historia ya ardhi hii. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilichukua maelfu ya ekari za Wakipsigis karibu na Kericho na kuwapa maafisa wa jeshi la Uingereza waliojeruhiwa vitani. Walikuja kulima kitani, mmea wa kutengenezea nguo. Bei ya kitani duniani ikaporomoka, mradi ukafa miaka michache baadaye, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Ilipita mikononi mwa makampuni ya chai. Hicho kijani unachokipigia selfi kilianzia hapo.

Bado ningesema mboga ina kitu ambacho chai haina. Mwenye chai ya KTDA hupata malipo madogo kila mwezi, kisha anangoja bonasi mara moja kwa mwaka, na viwanda vya upande huu wa magharibi mwa Bonde la Ufa vimekuwa vikilipa bonasi ndogo kuliko vile vya mashariki. Hakai mezani bei inapopangwa. Managu inakulipa kila wiki, kidogo kidogo, na isiponunuliwa unaila. Chai ikikosa soko huwezi kuila na ugali.

Huo udongo unaoutibu ni wa nani?

Sasa hapa ndipo pagumu. Ukipita kwenye mashamba makubwa ya chai, nyuma ya nyumba za wafanyakazi utaona vibustani vidogo: sukuma mistari miwili, vitunguu, ndizi moja kwenye kona. Vimetunzwa kuliko nyumba zenyewe. Ni mahali ambapo mchumaji hupunguza bajeti ya wiki. Lakini kibustani hicho kimeshikwa na nyumba, na nyumba imeshikwa na kazi. Kazi ikiisha, vyote vinarudi kwa mwenye shamba, pamoja na miaka ya samadi na jivu.

Na kazi inapungua. Mashine za kuchuna zinafanya kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja. Mei 2023 hasira ilifurika Kericho na mashine zikateketezwa moto na waandamanaji. Watu walizungumza sana kuhusu mishahara, na ni sawa. Sikusikia wengi wakitaja sukuma ya nyuma ya nyumba, ilhali ndiyo inayokosekana kwanza kwenye sahani.

Sisi tunaokodi tuko kwenye hali ya ndugu wa karibu. Unachukua pointi moja iliyochoka, unaweka chokaa, unabeba samadi mgongoni, unangoja. Msimu wa tatu udongo unaanza kunusa vizuri, minyoo imerudi, sukuma imesimama. Jirani wanaona. Mwenye shamba pia anaona. Na kama makubaliano yenu yalikuwa ya mdomo, yeye anaweza kukumbuka ghafla kwamba ana mpwa anayetaka kulima. Chokaa haihami. Huwezi kuikusanya kwenye gunia uende nayo.

Kwa hivyo ushauri wangu mkubwa hauhusu mbegu. Kabla ya jembe, andikeni. Karatasi moja inatosha kuanzia: ukubwa wa kipande, kodi ni ngapi na inalipwa lini, muda usiopungua miaka mitatu, na mazao yaliyo shambani yatakuwa ya nani mkataba ukiisha. Mashahidi wawili kutoka kokwet hiyo hiyo, watu ambao mwenye shamba hawezi kuwaangalia usoni na kudanganya. Na kama ni shamba la familia, usijidanganye kwamba undugu ni hati. Kaeni chini na wajomba mapema, wakati bado ni magugu na hakuna anayekitamani.

Ukishamaliza hapo, anza kidogo. Pima udongo. Weka chokaa na ungoje. Panda managu karibu na mlango, sukuma nyuma yake, na nyanya uiache hadi upate paa. Mawe yakija mchana, ingia ndani unywe chai. Angalau hiyo iko ya kutosha.